Nusu Saa Iliyoandikwa

Mwaka 2012 NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba kwa ajili ya huduma ya afya ya taifa (NHS) hapa England, ilitoa mwongozo unaosema kwamba mgonjwa wa selimundu anayefika hospitali akiwa katika maumivu makali apatiwe dawa ya kutuliza maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike. Sentensi hiyo nimeihifadhi kama watu wanavyohifadhi dua, kwa sababu usiku mmoja wa baridi, mwaka juzi, nilisimama na dada yangu katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya London nikiitazama saa ya ukutani, huku mwanawe, kijana wa miaka 19, amejikunja kwenye kiti cha plastiki na hana hata nguvu ya kulia.

Dada alikuwa amenipigia simu saa sita za usiku. "Mdogo wangu, njoo, mtoto wanamwambia asubiri," akasema, akakata. Nilipofika, muuguzi wa zamu alikuwa akimwuliza kijana maswali ambayo mimi, niliyefanya kazi ya ukalimani hospitalini kwa miaka 14, niliyatambua kwa sauti kabla sijayasikia maneno yake: mofini umetumia mara ngapi mwezi huu, mbona wiki tatu zilizopita ulikuwa hapa hapa, una hakika kwamba maumivu yako yamefika 10 katika 10. Mpwa wangu amezaliwa London, Kiingereza chake kinakipita changu, na usiku ule hapakuwa na neno hata moja lililohitaji mkalimani. Nilipoanza kupandisha sauti alinishika mkono. "Mama mdogo, usigombane nao, watanichelewesha zaidi." Dawa aliipata baada ya saa mbili na dakika 50.

Malalamiko tuliyaandika, na barua ya pole, yenye lugha laini na sahihi mbili, tukaipokea. Lakini lililobaki kunikera si barua ile. Nilitaka kujua nusu saa ile iliandikwaje, ni nani waliosukuma mpaka ugonjwa wa watu weusi ukapata ukurasa wake katika vitabu vya dola, na kwa nini kilichoandikwa mchana kisitambulike usiku wodini. Nimesoma, nimehudhuria mikutano ya vyama vya wagonjwa katika kumbi za makanisa na vyumba vya maktaba, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza niseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe, ingawa Kiswahili kimetusaidia kwa kuupa jina linalojieleza. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo kama kitumbua kilichobonyezwa katikati, hubadilika zikachongoka kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuvinyima viungo hewa. Kwetu Tanga, nilipokuwa mtoto, wazee waliyaita maumivu yale baridi yabisi na kuyakanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na binamu yetu mmoja alikandwa hivyo mpaka akafariki kabla ya kuanza darasa la kwanza, bila mtu yeyote kulitaja jina la kilichomwua. Ugonjwa huu ni wetu kwa maana halisi kabisa. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo akipima damu za watu, akaona kwamba wenye kubeba kinasaba cha selimundu ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno katika nyanda za juu. Miaka mitano baadaye alichapisha maelezo yake: anayerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana kinasaba kilidumu mahali palipo na mbu wengi. Anayekirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na tangu 2004 pale Muhimbili kumekuwa na kazi kubwa ya kuwafuatilia wagonjwa, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani. Uingereza yote ina wagonjwa wapatao 15,000. Yaani wagonjwa wote wa nchi hii ni sawa na watoto wanaozaliwa kwetu katika mwaka mmoja na miezi michache. Ugonjwa ni ule ule, ila ukivuka bahari hubadilika hadhi: nyumbani ni tatizo la taifa lenye uhaba wa fedha, huku ni tatizo la watu wachache katika taifa lenye fedha, na mtu akiwa mchache hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba yupo.

Aliyeanza kuthibitisha hilo kwa utaratibu alikuwa muuguzi. Elizabeth Anionwu alizaliwa Birmingham mwaka 1947 kwa mama mwenye asili ya Kiayalandi na baba wa Kinigeria, akaanza kufanya kazi katika NHS akiwa na miaka 16, na katika miaka ya 1970 alikuwa muuguzi wa kutembelea familia majumbani huko Brent, kaskazini magharibi mwa London, mahali walipokuwa wamehamia watu wengi kutoka visiwa vya Karibiani na Afrika. Akawa anakutana na wazazi wenye watoto wa selimundu ambao hawakuwa wamepewa maelezo yoyote ya maana, na yeye mwenyewe hakuwa amefundishwa ugonjwa huo katika masomo yake. Mafunzo ya ushauri nasaha wa selimundu hayakuwapo Uingereza; ikabidi aende Marekani kuyatafuta. Aliporudi, mwaka 1979, yeye na daktari wa damu Milica Brozovic wakafungua pale Brent kituo cha kwanza cha aina yake nchini, cha kuwashauri na kuwaelimisha watu wenye selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Mwaka huo huo likaundwa shirika la Sickle Cell Society, lililowakusanya wagonjwa, wazazi na wahudumu wa afya chini ya jina moja. Wenzao wa thalasemia, wengi wakiwa na asili ya Cyprus na bara Hindi, walikuwa wametangulia kuunda chama chao mwaka 1976.

Nakaa kidogo hapa, kwa sababu watu wakisikia neno "utetezi" hufikiria mabango na maandamano, na kazi ya awali ya watu hawa ilikuwa ya kuchosha zaidi ya hapo. Walikuwa wakihesabu. Walikwenda wodi kwa wodi kuuliza ni watoto wangapi, wa umri gani, wamelazwa mara ngapi, wamefariki wangapi, kwa kuwa serikali haikuwa na orodha na asiye na orodha hana bajeti. Walizungumza na madaktari ambao hawakuwahi kumwona mgonjwa wa selimundu, na wakawaandikia walimu wa shule barua za kueleza kwa nini mtoto huyu asilazimishwe kukimbia uwanjani kwenye theluji. Haikuwa kazi ya kupigiwa makofi.

Tazameni suala la kupima watoto wachanga. Tangu 1969 kila mtoto anayezaliwa Uingereza huchomwa kisigino na tone la damu yake kupimwa fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi unaompata mtoto mmoja hivi katika kila 10,000. Selimundu England humpata mtoto mmoja hivi katika kila 2,000. Lakini upimaji wa selimundu kwa watoto wote wa England ulikamilika kuenea mwaka 2006 tu, baada ya programu maalumu kuanzishwa mwanzoni mwa muongo huo. Ucheleweshaji huu haukuwa wa makaratasi tu. Mtoto wa selimundu, kwa kuwa bandama yake huharibika mapema, hushambuliwa kwa urahisi na bakteria wa nimonia, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulikuwa umeonyesha kwamba penisilini ya kila siku hupunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Penisilini ni dawa rahisi, ya zamani, inayopatikana hata katika zahanati ya kijijini. Kilichohitajika ni kumjua mtoto mapema, na chombo cha kumjua, lile tone la damu kisiginoni, kilikuwa tayari mkononi mwa mkunga. Kati ya 1986 na 2006 kuna miaka 20, na katika miaka hiyo ni watu wa Brent, na wenzao waliofungua vituo kama kile katika miji mingine, waliokuwa wakirudia hoja ile ile kwa kila waziri mpya.

Mpwa wangu alipozaliwa alipimwa hivyo. Barua ya majibu ilimfikia dada akiwa hajatoka arobaini, na penisilini akaanza kuitumia akiwa na miezi mitatu. Nikimkumbuka binamu yetu wa Tanga, naona wazi kwamba kijana huyu kuwa hai ni matunda ya kazi hiyo, na hili nalisema bila kusitasita, hata kama nitakayoyaandika hapa chini yana uchungu.

Kuhesabiwa, hata hivyo, kuna vichekesho vyake, na mimi kama mkalimani naviona kila wiki. Fomu ya hospitali ina kisanduku cha "Mwafrika Mweusi", na ndani yake tumetumbukizwa wote: Mnigeria, Mkongo wa Bukavu, Mtanga kama mimi na Msomali. Niliwahi kuitwa kwa dharura kumhudumia bibi mmoja wa asili ya Barawa, pwani ya Somalia. Faili lake lilisema ametoka Somalia, hivyo wakamletea mara mbili mkalimani wa Kisomali, na mara zote mbili bibi alijibu kwa kutikisa kichwa na mikono mpaka wakaandika kwamba huenda ana tatizo la kumbukumbu. Bibi alikuwa msemaji wa Chimwini, lugha ndugu kabisa ya Kiswahili, na tulipoanza kuongea, mimi kwa Kiswahili cha Tanga na yeye kwa chake, akanieleza historia ya sukari yake, dawa zake na majina ya wanawe saba kwa mpangilio usio na kasoro. Kumbukumbu yake ilikuwa nzima kuliko faili lile. Visanduku vya fomu ndivyo vinavyoyapa mashirika takwimu za kudai haki, nami sitaki viondolewe, lakini ni vyema tukumbuke kwamba takwimu yenye kisanduku kibovu humpoteza mtu akiwa ndani ya hesabu.

Turudi kwenye maumivu. Mwezi Aprili 2019 kijana aitwaye Evan Nathan Smith, mwenye umri wa miaka 21 na selimundu, alifariki katika hospitali moja ya kaskazini mwa London. Habari zake zilielezwa hadharani katika uchunguzi wa kisheria wa kifo chake mwaka 2021. Akiwa kitandani wodini aliomba hewa ya oksijeni, na alipoona hasaidiwi, alichukua simu yake akapiga 999, namba ya dharura ambayo raia huipiga akiwa nyumbani au barabarani. Mgonjwa aliyelazwa aliiita huduma ya dharura ije imwokoe kutoka hospitali. Uchunguzi uliona kwamba kama angebadilishiwa damu mapema huenda asingefariki. Wazazi wake hawakunyamaza, na mwezi Novemba 2021 kamati ya wabunge wa vyama vyote inayoshughulikia selimundu na thalasemia, kwa kushirikiana na Sickle Cell Society, ikatoa ripoti yenye jina ambalo kwa Kiswahili ni "Hakuna Anayesikiliza".

Ripoti hiyo niliisoma kwa siku tatu kwa kuwa sikuweza kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Wagonjwa wanasimulia jinsi walivyodhaniwa kuwa walevi wa dawa, na jinsi wanavyokaa nyumbani wakivumilia mpaka hali inapokuwa mbaya kwa kuogopa kudhalilishwa. Inaonyesha pia kwamba wauguzi na madaktari wengi hupata mafunzo haba sana juu ya ugonjwa huu, na inaulinganisha na sistiki faibrosisi, ugonjwa mwingine wa kurithi ambao wagonjwa wake nchini ni wachache kuliko wa selimundu na wengi wao ni weupe, lakini ambao umepata fedha nyingi zaidi za utafiti na wataalamu wengi zaidi. Nilipofika kwenye ukurasa unaoutaja mwongozo wa dakika 30 na namna usivyofuatwa, nilifunga kompyuta nikaenda kufua nguo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Mashirika haya yamefaulu sana katika mambo yanayoamuliwa mezani. Yamepata upimaji, yamepata miongozo, yamepata ripoti bungeni. Anionwu mwenyewe mwaka 2022 alitunukiwa Order of Merit, nishani ambayo wenye kuwa nayo kwa wakati mmoja hawazidi 24. Lakini kuaminiwa hakuamuliwi mezani. Huamuliwa saa saba za usiku na muuguzi aliyechoka, mwenye wagonjwa wengi kuliko anaowaweza, ambaye hajawahi kufundishwa kwamba mtu wa selimundu aweza kuwa na maumivu makali na bado akatazama simu yake, kwa kuwa amezaliwa nayo na amejifunza kuyabeba bila kelele. Sisi wenyewe tumelelewa kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni vigumu kumweleza mgeni kwamba ukimya wa mtu wetu si dalili ya nafuu.

Wanawake wajawazito wanalijua hili vizuri. Ripoti ya mwaka 2018 ya uchunguzi wa vifo vya uzazi Uingereza ilionyesha kwamba mwanamke mweusi alikuwa na uwezekano mara tano zaidi ya mwanamke mweupe wa kufariki katika ujauzito au muda mfupi baada ya kujifungua. Mwaka uliofuata Tinuke Awe na Clotilde Abe wakaunda kikundi wakakipa jina la namba hiyo hiyo, Five X More, ili kila anayelitaja jina aitaje na aibu yenyewe. Ombi lao kwa bunge lilipata sahihi zaidi ya 187,000 na likajadiliwa Aprili 2021. Nawapendea jambo jingine zaidi: waliwaandikia wanawake mashauri sita mafupi ya kutumia kliniki, likiwamo la kuandika kila kinachosemwa na kila kinachofanywa, na la kwenda na mtu wa kukusemea. Ripoti za karibuni zinaonyesha pengo limepungua hadi kati ya mara mbili na tatu. Ninapokaa na mama mjamzito anayezungumza Kiswahili, kazi yangu kisheria ni kutafsiri tu, nisiongeze wala nisipunguze. Lakini nikiwa na mdogo wangu wa ukoo humwambia aende na daftari.

Kuna na familia moja ambayo lazima niitaje. Mwaka 1993 mtoto Daniel De-Gale, wa miaka sita, aligundulika kuwa na saratani ya damu, na ikafika mahali alihitaji kupandikizwa uboho. Uwezekano wa kupata uboho unaofanana hutegemea sana asili ya mtu, na wazazi wake, Beverley De-Gale na Orin Lewis, walipouliza, wakaambiwa kwamba katika daftari lote la wachangiaji wa Uingereza watu weusi walikuwa 550. Mwaka 1996 wakaanzisha shirika la African Caribbean Leukaemia Trust (ACLT) wakaanza kuzunguka makanisani, vyuoni na kwenye vinyozi wakiwaomba watu wajiandikishe. Mwaka 1999 Daniel akapata mchangiaji kutoka Marekani, akawa mtu mweusi wa kwanza Uingereza kupandikizwa uboho wa mtu asiye ndugu yake. Aliishi mpaka 2008. Wazazi wake hawakulifunga shirika baada ya mazishi.

Sasa niseme lile lisilopendwa kusemwa mikutanoni. Mashirika haya yanafanywa yaishi kwa mirija ya fedha ya miezi 18. Wizara au halmashauri hutoa ruzuku kwa mradi wa majaribio, mradi ukianza kueleweka kwa watu fedha zimekwisha, mfanyakazi aliyekwisha kuaminiwa na akina mama wa mtaa anaachishwa, na mwaka mmoja baadaye anatokea ofisa mwingine na mradi mwingine akiuliza maswali yale yale. Katika nyaraka za aina hiyo jamii zetu huitwa "ngumu kufikika". Mimi huenda msikitini kwa basi moja, kanisa la Wakongo liko mkabala na kituo cha treni, na duka la mchele na samaki wakavu lina wateja wa nchi sita tangu asubuhi; sijui ugumu wa kutufikia uko wapi, ila kwa asiyepanda basi. Nimeona pia vipeperushi vilivyotafsiriwa kwa haraka ili mradi ujazwe, Kiswahili kimenyooka kama fimbo, kimoja kikimwita mkunga "mfanyakazi wa uzazi", na maboksi yake yakikaa chini ya ngazi mpaka tarehe zipite. Fedha hizo zingemlipa mtu mmoja wa kukaa na wazee nusu siku.

Na lawama nyingine ni yetu. Katika mikutano ya Sickle Cell Society niliyohudhuria, Waafrika wa Mashariki tulikuwa tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ingawa ugonjwa umejaa katika koo zetu. Tunauficha. Kijana akitaka kuoa tunauliza ukoo, dini na kazi, lakini kipimo cha damu tunakiona kama matusi. Mama mmoja aliniomba, baada ya mimi kumtafsiria majibu ya mwanawe, nisimwambie yeyote pale mtaani, na nilimwapia ingawa kazi yangu ilikuwa imekwisha kuniapisha.

Ndiyo maana nikaanza kutoa damu. Mgonjwa wa selimundu hutiwa damu mara nyingi, na damu inayofaa ni ile inayofanana na yake hata katika makundi madogo yasiyojulikana na wengi. Kundi moja linaloitwa Ro linatafutwa mno: liko kwa wachangiaji wapatao 2 tu katika kila 100 kwa jumla, lakini zaidi ya nusu ya wachangiaji weusi wanalo. Damu yetu, kwa hesabu hiyo, ndiyo inayohitajika. Hata hivyo mpaka 2021 fomu ya kuchangia ilikuwa na swali lililomzuia kwa muda mtu ambaye mwenzi wake huenda alishiriki ngono katika nchi zenye VVU vingi, na Afrika kusini mwa Sahara ikatajwa waziwazi. Kwa hiyo huduma ya damu ilikuwa ikiwaomba watu weusi waje, na mlangoni ikiwarudisha waliooana na wenzao. Mashirika ya kutetea haki za watu wanaoishi na VVU na vikundi vya Waafrika yalilipigia swali hilo kelele mpaka likaondolewa, na England ilitangaza hivyo Oktoba 2021.

Mimi nilikwenda baada ya hapo. Kwa kuwa nimekulia penye malaria, nilipimwa kwanza kingamwili zake, nikasubiri majibu, kisha nikaitwa tena. Kwenye ukumbi nilichomwa kidole, tone likadondoshwa katika kichupa cha maji ya kijani ili waone kama linazama, nikalazwa kwenye kiti, na dakika kumi baadaye nilikuwa nakunywa juisi na kula biskuti pamoja na mzee mmoja wa Jamaica aliyeniambia hiyo ilikuwa mara yake ya 61. Mwanamke huruhusiwa kila baada ya wiki 16, nami sasa nimefika mara ya nne. Kadi yangu ina herufi zile mbili, Ro.

Damu ikipelekwa hospitali unatumiwa ujumbe wa simu wa kukujulisha ni hospitali gani. Wa mwisho uliingia Jumapili moja tukiwa kwa dada tunakula pilau, nami nikausoma kwa sauti: damu yako imetumwa Birmingham. Dada akasema alhamdulillahi. Mpwa wangu, ambaye wiki hiyo alikuwa ametoka kulazwa na alikuwa bado anatembea kwa kuegemea ukuta, aliinua macho kutoka kwenye sahani.

"Mama mdogo, hawakuandika alisubiri muda gani?"